Bisi za Harusi ya Kanni

Mtaa wa Masi Kaskazini, Madurai
16 Januari 1975

Kaka Alagar,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mimi wako nauona kila mwaka juu ya kifurushi, jina langu na mtaa wangu, basi. Kila sikukuu ya mavuno, Pongal, kaka humtumia zawadi dada yake aliyeolewa, na wewe tangu niolewe hujakosa hata mara moja: sari ya kijani, manjano mabichi, sukari guru. Neno hakuna. Mama mkwe huniuliza, "Kwani kaka yako ni bubu?" Namjibu, "Si bubu, mama, amenuna tu." Ananiambia, "Kununa gani huko kunakotuma hariri? Mwambie aninunie na mimi."

Safari hii kifurushi kimekuja na jambo. Sari ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa cha manjano, umepauka kwa kufuliwa, lakini maandishi yanasomeka: "Angayarkanni na Karmegam. Ahsante kwa kuja." Kaka, mifuko hii ilitolewa mlangoni asubuhi ya harusi yangu, kila mgeni akiondoka anapewa mmoja, na nazi na tambuu ndani. Haikuuzwa dukani wala haikupelekwa kwa mtu nyumbani. Aliyekuja aliupata, asiyekuja hakuupata. Wewe hukuja. Umefikaje Bombay?

Nimeutundika kwenye msumari na kila nikipita nauangalia. Ndio ulionipa moyo wa kuandika.

Nina ombi moja. Mwanangu Thamarai hajatobolewa masikio. Majirani wanamwita "masikio mabichi", naye anarudi nyumbani analia. Wenzake wote walipakatwa na wajomba zao wakatobolewa kabla hawajaota meno, yeye namngojea wewe. Mwaka wake wa tano unaisha Juni, wa sita ni shufwa hautobolewi, na mama mkwe ameapa kwamba wa saba hatausubiri. Anasema kama mjomba wa tumbo moja hataki, binamu yetu Sevugan yupo, na mapaja ni mapaja. Nimemwomba avumilie mpaka mwezi wa Chithirai, hapo Aprili, sherehe ya harusi ya mungu mama Meenakshi na Shiva ipite, ndipo tumpeleke mtoto hekaluni.

Mama na baba hawapo. Wewe ndiye uliyenilea, ukanisuka nywele vibaya, ukanipeleka shule. Sikuombi sari. Nakuomba mapaja yako asubuhi moja tu. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Kanni


Matunga, Bombay
2 Februari 1975

Mdogo wangu Kanni,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuwa manjano hayakuoza njiani.

Kuhusu mfuko, Bombay ni kubwa na watu wa Madurai hawaishi kupita hapa kula. Mmoja aliusahau mezani. Mpishi wangu Velappan ana macho mawili lakini ameyaweka akiba, nilimwambia afunge sari kwa gazeti, yeye akachukua alichokiona kwanza. Hakuna zaidi ya hapo. Naomba unirudishie kwa posta, ninaubebea majani ya mchuzi sokoni.

Kuhusu masikio, mpeni Sevugan. Huyo amekwisha kuzoea kukaa mahali pangu.

Mgahawa hauachiki. Nikigeuka tu Velappan anatia nazi mbovu kwenye chatini. Mwambie mtoto akiitwa masikio mabichi ajibu kwamba mabichi ndiyo yanayosikia vizuri. Mumeo hajambo? Bado anauza siagi ya kutupwa?

Kaka yako,
Alagar


Kibandani, ndani ya hekalu la Meenakshi, Madurai
14 Februari 1975

Kwa Shemeji Alagar,

Salamu nyingi. Kanni hajui kama nakuandikia. Naandika kati ya mteja na mteja, kwa hiyo ukiona doa ujue ni siagi.

Ndiyo, bado nauza siagi ya kutupwa. Siku nilipokuja kuposa uliuliza mbele ya wazee, "Dada yangu nimpe mtu anayeuza siagi watu wakaitupe?" Wazee wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda nyumbani sikula. Lakini Shemeji, kazi hii ina maana yake. Mungu mke Kali alishindana na Shiva kucheza, akashindwa, na hasira yake haijaisha mpaka leo. Watu wananunua donge kwangu, wanairushia sanamu yake pale juu kwenye nguzo, apoe. Naona wanakuja wamekunja nyuso, wakisharusha wanaondoka wanacheka kwa sababu wamemkosa. Nadhani wanaopoa ni wao.

Siku ile ile uliniuliza, "Kwenu ni Madurai au Chidambaram?" Nikajitutumua nikasema Chidambaram, kule mume ndiye mtawala. Sasa nakiri. Kwetu ni Madurai tupu, mke ndiye mtawala. Hapa hata mahujaji kutoka mbali wanamsalimia kwanza mama Meenakshi, halafu ndiyo wanakwenda kwa mumewe Shiva, na mimi nimekubali zamu yangu.

Sasa lililonifanya niandike. Umesema Sevugan amezoea kukaa mahali pako. Kanni alisoma sentensi hiyo akafunika uso kwa pindo la sari. Mimi nikaanza kufikiri: huyu mtu hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Shemeji, harusi yetu ilikuwa iwe saa tatu asubuhi, kama ulivyoandikiwa. Usiku wake bibi yangu mzaa baba akaanza kukata roho. Unajua mambo yetu. Angekufa kabla sijafunga uzi wa ndoa, nyumba ingeingia msiba, na harusi ingesogezwa mwaka mzima, tena baba yangu alikuwa ameshasema mwaka haungojwi, atatafuta bibi arusi mwingine. Kuhani akatazama kalenda yake, akapata saa njema ya alfajiri. Saa tatu ikawa saa kumi na moja. Wewe ulikuwa kwenye treni, simu ya upepo tungeituma wapi? Tukamtuma Sevugan stesheni na koja la asumini akungoje akueleze. Alipita behewa moja moja. Hukuwemo. Bibi naye alivumilia mpaka uzi ukafungwa, na saa nne akaenda zake.

Kanni anaamini ulikataa kuja kwa ajili yangu mimi, muuza siagi. Na mimi niliamini hivyo. Tangu hapo kila Ijumaa natupa donge moja kwa jina lako, kupoza hasira yako si ya Kali. Imekuwa miaka, na siagi imepanda bei.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo sikwambii, kwa kuwa si langu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima vya kutosha, Shemeji. Nataka kapu langu.

Wako,
Karmegam


Matunga, Bombay
3 Machi 1975

Shemeji Karmegam,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakamwagika, Velappan akapata nafasi ya kunisema mimi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hakuna aliyeniambia habari ya bibi. Mungu amlaze pema.

Sasa nisikilize, halafu haya yabaki kwako. Sevugan hakuniona stesheni kwa sababu sikushukia Madurai. Nilishukia Dindigul nikapanda basi mpaka kilima cha Alagar. Mama alinipa jina la mungu wa kile kilima, na nilitaka kuingia kwenye harusi na dosai za hekaluni kwake, zile chapati nene nyeusi zenye pilipili manga. Kanni alizipenda tangu mdogo, alikuwa akila ukingo kwanza. Nilisema atakula ya kwanza kutoka mkononi mwangu, halafu ndiyo awe mke wa mtu.

Basi likaniacha ng'ambo ya kaskazini ya mto wa Madurai. Nikaanza kuvuka daraja kwa miguu, dhoti mpya kiunoni, dosai kwenye jani, saa mbili haijatimia. Katikati ya daraja nikakutana na mzee mmoja mnene anatoka mjini na mfuko wa manjano. Nikauliza, "Mzee wangu, umetoka harusi ya nani?" Akasema, "Soma mwenyewe, mimi miwani sina." Nikasoma.

"Imekwisha?"

"Imekwisha tangu alfajiri, kijana. Watu wameshakunywa na kahawa. Wewe ni wa upande gani, wa bwana au wa bibi?"

Nikamwambia mimi ni mpita njia tu. Akanitazama kuanzia dhoti mpaka dosai. Akatoa nazi yake, akanipa mfuko. "Chukua, mwanangu. Umependeza hivi, usirudi mikono mitupu."

Shemeji, nilidhani mmenionea aibu. Nilikuwa bado naosha vikombe kwa watu siku zile, na ukoo wenu ulikuwa na walimu. Nikasema wameharakisha ili mwosha vikombe asionekane. Nikageuka pale pale. Hata yule niliyepewa jina lake kila mwaka anatoka kilimani kwenda kumwoza dada yake Meenakshi, anafika mtoni, anasikia harusi imepita, anageuza farasi bila kukanyaga mjini. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakinitania kwa hilo. Dosai nilizila zote ndani ya basi, na machozi yakiwa chumvi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni bisi. Kaka ndiye anayemmiminia dada yake bisi za mpunga mikononi, naye anazitia motoni. Hakuna kazi nyingine aliyopewa kaka harusini zaidi ya hiyo. Tulifanya mazoezi tukiwa wadogo, kwa mchanga, nyuma ya nyumba, na alikuwa mkali nikimimina haraka. "Polepole, kaka, mimi bibi arusi." Najua ni Sevugan aliyemimina. Usiniambie, sitaki kusikia.

Nitakuja. Nitafika kabla Meenakshi hajafungwa uzi. Ya darajani usimwambie Kanni, nitamwambia mwenyewe nikipata mdomo.

Donge la siagi weka, nitalitupa mwenyewe.

Alagar


Matunga, Bombay
3 Machi 1975

Kanni,

Nitakuja kwa harusi ya Meenakshi. Nitampakata mtoto. Chemsha kahawa ya maana, si ile ya kwako ya zamani iliyokuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

Alagar


Mtaa wa Masi Kaskazini, Madurai
23 Aprili 1975, jioni

Kaka,

Umefanya tena.

Tulitoka nyumbani kabla ya jua ili tupate pa kukaa. Nilitandika kanga ya mtoto pembeni yangu, watu wakagombana nami. "Hapa ni pa nani?" "Pa kaka yangu." "Yuko wapi?" "Njiani." Kila aliyeuliza nilimjibu njiani. Nzumari zikaanza, ngoma zikapanda, Meenakshi akafungwa uzi, na wanawake wote tukatoa nyuzi zetu za zamani tukavaa mpya, kama kila mwaka. Fundo la wangu likanishinda. Alinifungia mwanamke mnene kutoka Theni ambaye alikuwa amekwisha kukaa mahali pako. Akaniuliza, "Dada, unamlilia nani siku njema kama hii?" Nikasema moshi wa ubani.

Thamarai alikuwa amevaa sketi yake mpya ya hariri. Aliniuliza mjomba ni mrefu kiasi gani, ili amtambue. Nikamwonyesha kwa mkono. Mpaka tunaondoka alikuwa anawapima watu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikutaka kukuambia mpaka nife, kwa sababu nimechoka na sina tena cha kuficha. Siku ya harusi yangu Sevugan alisimama mbele yangu na sahani ya bisi. Nilikunja ngumi. Kuhani akasema, "Kinga mikono, binti." Nikasema mikono hii ina mwenyewe. Akasema bila bisi harusi haijakamilika. Nikasema basi isikamilike. Baba mkwe akapandisha sauti, Sevugan wa watu akasimama pale jasho linamtoka, na ndipo Karmegam akaniinamia akasema, "Tutamngoja." Siku ile ndiyo niliyompenda. Tulikuwa hatujawahi hata kusemezana.

Hakuna aliyemimina, kaka. Nafasi yako haikukaliwa na mtu. Mimi ni mke wa Karmegam, nina mtoto, nagombana na mama mkwe kama mke yeyote, na harusi yangu mpaka leo ina kitu kimoja kimebaki. Kila mwaka namngojea mtu mmoja akimalize.

Jumamosi asubuhi Sevugan atampakata mtoto. Mama mkwe amesema, na safari hii nimekubali. Kuhusu mfuko sitauliza tena. Ukituma sari Pongal ijayo nitairudisha.

Sitairudisha. Unajua sitairudisha.

Karmegam ameenda stesheni tena, ingawa hakuna treni saa hizi.

Kanni


Matunga, Bombay
5 Mei 1975

Mdogo wangu Kanni,

Nimefika salama. Velappan amenipokea mlangoni na barua yako ya tarehe ishirini na tatu. Tulipishana njiani, barua na mimi. Nimeisoma mara moja, nikakaa chini kwenye gunia la mchele, na wateja wakajipakulia wenyewe.

Kwanza, nilikuongopea. Nilipotokea mlangoni kwenu Ijumaa nimelowa chapachapa na sanduku kichwani, nikakwambia bomba la mtaani lilipasuka likanimwagia. Ulicheka mpaka ukakaa. Haikuwa bomba.

Injini yetu iliharibika katikati ya mashamba ya pilipili, tukalala pale. Treni ya kuunganisha ikaniacha. Nikapanda basi kutoka Tiruchi, na likatushusha wapi kama si kaskazini ya mto? Ilikuwa asubuhi Alagar anaingia mtoni. Watu kama mchele. Polisi kaziba daraja: "Rudi ulikotoka, mpaka kesho hapapitiki." Nikasimama. Mbele yangu mungu mwenye jina langu yuko juu ya farasi wake wa dhahabu, watu wanamrushia maji apoe, na kila mtu pale anajua kwamba hatavuka. Nikasema, mimi huyu nisipovuka leo, sitavuka tena. Nikafunga dhoti kiunoni, nikashuka majini. Mzee mmoja akaniita, "Wee, unamwacha mungu nyuma unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Yeye harusi imekwisha. Ya kwangu sijui."

Nilisema vile kwa utani. Sikujua kuwa nasema kweli.

Kanni, nimekuwa nikiipitia ile Jumamosi tena na tena tangu treni ilipoondoka. Jinsi Sevugan alivyonipokea mlangoni mwa hekalu na dhoti yake mpya, akasema, "Kaka, ahsante kwa kuja, mtoto anauma." Jinsi nilivyotaka kupinda kulia kwenda kwa Shiva kama mtu aliyesahau kwao, ukanishika kiwiko: "Bombay imekuharibu. Mama kwanza." Tukapita kwenye kasuku na wauza bangili, tembo akampiga Thamarai kichwani kwa mkonga, mtoto akadai ampige tena. Kule ndani giza, joto, harufu ya asumini na mafuta, na pete ya puani ya Meenakshi ikimeta kwenye taa. Nilikuwa nimejipangia maombi marefu. Nilipomwona nikasema tu, "Mama, nimefika." Nyuma yangu mtu akasema, "Umefika, sogea."

Na siagi. Shemeji alinichagulia donge la baridi kabisa, akanipa kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nikamlenga Kali kwa nguvu zangu zote nikampata mzee wa watu kwenye upara. Nimeomba radhi na nitaendelea kuomba. Lakini Karmegam alicheka hata akajishika kwenye kibanda chake, na mimi nikacheka, na nilipogeuka nikamwona anajifuta macho. Mwambie nilimkosea siku ile ya posa. Mwambie siagi yake ni njema, imenipoza.

Halafu pale ukumbini kando ya bwawa. Sikujua kwamba mtoto wa miaka minne ni mzito hivyo. Sonara alipotoboa la kulia Thamarai alinitazama kama nimemsaliti, akaning'ata mkono, na alama ninayo bado, siioshi kwa nguvu. Alipokuwa analia hivyo nilimnong'oneza siri moja kwenye sikio la kushoto kabla halijatobolewa. Akanyamaza. Usimuulize, ameahidi.

Ndipo ukafungua pindo la sari. Ukatoa kifuko, ukanipa, ukakinga mikono yako miwili mbele yangu. "Nimiminie, kaka." Nikaona ni bisi. Nikadhani ni za kumbembelezea mtoto! Nikamimina haraka haraka, natafuna tambuu, namwambia Sevugan ashike leso, nyingine zikaanguka sakafuni. Nikakuona umefumba macho. Karmegam naye ameinamisha kichwa. Mama mkwe wako, ambaye hanyamazi, amenyamaza. Na mimi nikakuuliza, "Kanni, jua limekupiga?"

Mungu wangu, nilikuuliza habari za jua.

Nimeimimina harusi ya dada yangu huku natafuna tambuu. Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ningetema. Ningenawa mikono. Ningemimina polepole, kama ulivyokuwa ukinifundisha nyuma ya nyumba, moja moja hata tukeshe. Nimelala siku mbili nikiwaza kama nimeharibu. Niambie kweli, usinifiche: zile zilihesabika?

Ya mfuko nitakwambia siku moja nikipata mdomo.

Kaka yako anayekupenda, na sikuwahi kuliandika neno hili,
Alagar


Mtaa wa Masi Kaskazini, Madurai
13 Mei 1975

Kaka yangu mpenzi,

Zilihesabika.

Sikukuambia kwa sababu ungejua ungelia, ungelia ningelia, na kuhani aliyekuwa akipita angetuuliza nani kafa. Nilitaka umimine kama kaka anavyomimina akiwa hana wasiwasi. Na ulimimina kama zamani, haraka haraka, nyingine chini. Nilifumba macho nikasikia mchanga wa nyuma ya nyumba. Ilibaki kidogo tu nikukaripie.

Moto haukuwepo pale, nawe hukuona nilichofanya baadaye, ulikuwa unagombana na sonara. Nilisimama na bisi mkononi sijui nizipeleke wapi. Thamarai akaja na masikio mekundu, akasema, "Za nani hizo?" Nikamwambia zangu. Akasema, "Naomba." Akala zote, mpaka za sakafuni. Karmegam akaniambia moto mzuri kuliko huo tungeupata wapi. Kwa hiyo sasa nimeolewa, kaka. Bisi za harusi yangu zimeliwa na mwanangu.

Mwenzako wa zamani wa ugomvi, yaani Karmegam, Ijumaa iliyopita alitupa donge lake kama kawaida. Nikamuuliza la nani sasa, hasira si zimekwisha? Akasema mkono umezoea. Mama mkwe anataka kujua Pongal ijayo utamnunia kwa sari ya rangi gani.

Sasa ya mtoni. Barua yako ilipofika nilikuwa nayajua. Na ya mfuko pia nayajua, weka mdomo wako upumzike.

Siku uliyoondoka tulimpeleka Thamarai kumuaga Alagar anaporudi kilimani. Unajua inavyokuwa, machela ya maua, watu wanapunga mikono, wazee wanatokwa na machozi kwa sababu anaondoka tena bila kuingia mjini kwa dada yake. Mtoto alikuwa mabegani kwa baba yake. Machela ilipofika usawa wetu akajiinua, akashika masikio yake yote mawili, akampigia mungu kelele mbele ya umati mzima:

"Usirudi! Mjomba wangu alirudi mara moja tu, akapewa mfuko! Mara ya pili alivuka!"

Watu wakaangua kicheko. Karmegam akawa mwekundu, kumbe na yeye alikuwa anajua. Nikamshusha mtoto nikamuuliza, "Nani kakwambia hayo?" Akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akasema hawezi kuniambia, ni siri ya mjomba.

Mfuko sikurudishii. Uko kwenye msumari wake, na Pongal ijayo ukiutaka uje uuchukue mwenyewe. Njoo siku moja kabla. Kahawa nitachemsha ya maana.

Mdogo wako,
Kanni